Kuchaji Simu Bila Hatari, na Bila Kuiua Betri Mapema

Maswali ya watu kuhusu chaji ya simu ni ya aina mbili, na mara nyingi huchanganywa. Kuna yanayohusu uchakavu: nikiiacha hadi asubuhi betri itakufa? Niichomoe ikifika asilimia ngapi? Halafu kuna yanayohusu hatari yenyewe: moto, shoti, kupigwa na umeme. Ukikosea upande wa uchakavu, utanunua betri mpya mapema kuliko ulivyotarajia. Ukikosea upande wa hatari, unaweza kuunguza nyumba. Ajabu ni kwamba wengi wetu tunahangaika na uchakavu tu. Utamkuta mtu anaamka usiku wa manane kuchomoa simu iliyojaa isije "ikazidi", kumbe simu yenyewe ilikuwa chini ya mto, na waya wa chaja umechubuka hadi kufungwa selotepu sehemu mbili.

Kwa hiyo tuanze na hatari, uchakavu utafuata.

Kilichomo ndani ya betri

Karibu kila simu inayouzwa leo ina betri ya lithiamu-ioni, au ndugu yake wa lithiamu-polima. Kampuni ya Sony ndiyo iliyoiingiza sokoni mwaka 1991, na wanasayansi watatu waliojenga msingi wake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Ndani yake kuna tabaka mbili zilizotenganishwa na utando mwembamba sana wa plastiki, na vyote vimelowa kimiminika kinachoshika moto. Unapochaji, ioni za lithiamu, yaani chembe zake zenye chaji ya umeme, huvuka kutoka tabaka moja kwenda la pili. Unapotumia simu, hurudi zilikotoka.

Utando ule ndio mlinzi. Ukitobolewa, ukiminywa au ukiyeyushwa na joto, tabaka mbili hugusana, shoti hutokea ndani kwa ndani, joto hupanda, na joto hilo huamsha kemikali zinazotoa joto jingine zaidi. Hapo betri hujiendesha yenyewe hadi iwake, hata kama umeshaichomoa kwenye umeme. Mwaka 2016 Samsung ililazimika kuiondoa sokoni Galaxy Note 7 kwa sababu ya hitilafu za betri zilizoleta shoti za namna hiyo. Tatizo lilikuwa la kiwandani, lakini simu nzima kabisa inaweza kufikishwa hapo na mwenyewe kwa kuikalia, kuiangusha vibaya, kuipika juani au kuifungua kwa bisibisi bila ujuzi.

Hatua ya 1: Ikague chaja kabla ya kuilaumu betri

Soma maandishi madogo yaliyo juu ya chaja. Kwenye INPUT utaona umeme unaoingia kutoka ukutani, kwa kawaida volti 100 hadi 240. Kwenye OUTPUT utaona unaotoka kwenda kwenye simu, mfano 5V 2A. Zidisha namba hizo mbili upate wati: 5 mara 2 ni wati 10. Chaja ya 9V 2A ni ya wati 18.

Watu wengi huogopa kwamba chaja ya wati nyingi itaunguza simu ndogo. Haiunguzi, ilimradi ni chaja halali. Chaja haisukumi umeme kwa nguvu. Simu ndiyo inayovuta kiasi inachokihitaji, na chaja za kisasa huanza na volti 5 kisha hupanda tu pale simu inapokubali. Ukiichomeka simu ya wati 15 kwenye chaja ya wati 65, itavuta zile 15 zake basi. Kinyume chake, chaja dhaifu kwenye simu kubwa haina madhara, ila utasubiri sana.

Cha kuogopa ni chaja bandia. Ndani ya kila chaja kuna sehemu inayopokea umeme mkali wa ukutani na sehemu inayotoa volti chache za simu, na kati yao lazima pawe na nafasi na kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, cha kutosha. Watengenezaji wa bidhaa feki hubana matumizi hapo hapo pasipoonekana. Kihami kikishindwa, umeme wa ukutani unapita moja kwa moja hadi kwenye waya ulioshika mkononi. Ndiyo maana nasema chaja ni kifaa cha umeme wa nyumbani, si kikorokoro cha simu, na inunuliwe kwa uangalifu ule ule unaotumia kununua pasi.

Dalili za chaja ya kutiliwa shaka ni hizi: ni nyepesi mno ukiipima mkononi, maandishi yake yana makosa ya tahajia, meno ya plagi yanacheza, inatoa mlio wa kukereza au harufu ya plastiki inayoungua, au inakuwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Dalili moja ambayo watu hawaitambui ni kioo cha simu kuchanganyikiwa wakati wa kuchaji, yaani kinajibonyeza chenyewe au hakisikii kidole, na ukichomoa kinatulia. Mara nyingi si kioo kibovu. Ni chaja inayotoa umeme mchafu, yaani usiotulia.

Waya nao utazame kila unapopata nafasi, hasa kwenye shingo, pale unapoingia kwenye kichwa. Ukiona nyuzi za ndani, ukiona weusi wa kuungua, au ukilazimika kuukunja upande fulani ndipo ushike, utupe. Selotepu haiponyi waya. Na ukichomoa, shika kichwa, usivute kamba.

Soketi ikiwa imelegea, inatoa cheche au ina joto, usiichajie chochote hadi fundi umeme aiangalie. Kwenye ekstensheni, simu yenyewe haina uzito. Taabu ni pale inapochangia na pasi, jiko la umeme na birika, kisha ekstensheni yote ikafunikwa na zulia.

Hatua ya 2: Chagua mahali

Mahali pazuri ni pagumu, pakavu na penye hewa: juu ya meza, rafu, au sakafu isiyopitwa na watu. Usiichaji kitandani, kwenye sofa, ndani ya begi, wala chini ya mto au blanketi. Simu hupoa kupitia mgongo wake, na nguo laini huzuia joto lisitoke. Kama simu ina kava nene na unasikia inachemka, livue wakati wa kuchaji.

Maji ni jambo la kusisitiza. Usitumie simu iliyochomekwa ukiwa bafuni au ukiwa na mikono iliyolowa. Simu kuandikwa kwamba inahimili maji haina maana kwamba ichajiwe ikiwa imelowa. Alama ya IP68 inahusu maji kuingia ndani, haihusu umeme kupita kwenye tundu lenye unyevu. Simu ikilowa, ichomoe, ipigepige taratibu tundu likiwa limeelekea chini, kisha iache mahali penye upepo kwa nusu saa au zaidi kabla ya kujaribu tena. Maji yakibaki ndani kabisa, inaweza kuchukua hadi siku nzima kukauka. Na tuachane na ile desturi ya kuizika simu iliyolowa ndani ya mchele ili ikauke. Apple wenyewe wanawaambia wateja wao wasifanye hivyo, kwa sababu chembe za mchele zinaweza kuingia ndani na kuharibu simu.

Kuhusu kuongea na simu ikiwa kwenye chaji: ukiwa na chaja halali na waya mzima, hakuna sumu yoyote hapo. Ila kucheza gemu au kurekodi video huku inachaji kunajumlisha joto mara mbili, la kuchaji na la kufanya kazi, na joto hilo tutalizungumzia.

Umeme ukikatika wakati unachaji, chomoa chaja. Umeme unaporudi unaweza kuja na msukumo mkubwa wa ghafla, na chaja ndiyo ya kwanza kuupokea.

Hatua ya 3: Safisha tundu

Simu inayokaa mfukoni hukusanya pamba ya nguo kwenye tundu la chaji, na kila unapochomeka unaishindilia ndani. Baada ya miezi kadhaa kichwa cha waya hakifiki mwisho, simu inachaji na kuacha, na mwenyewe anakwenda kununua betri bila sababu. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao, ukwangue taratibu kando na chini ya tundu. Usitumie sindano wala pini ya chuma. Miguu ya ndani ni laini, na chuma kinaweza kuiunganisha. Usipulize kwa mdomo pia, maana pumzi ina unyevu.

Hatua ya 4: Ielewe asilimia

Hapa sasa tumeingia kwenye uchakavu, na hapa ndipo uzushi mwingi unapoishi.

Uzushi wa kwanza: simu mpya ichajiwe saa nane mfululizo kabla ya kuwashwa. Uzushi wa pili: subiri izime kabisa ndipo uchaji, la sivyo betri "itazoea". Yote mawili ni urithi wa betri za zamani za nikeli-kadmiamu, ambazo kweli zilikuwa na tabia ya kupoteza uwezo zikichajiwa nusunusu. Lithiamu-ioni haina tabia hiyo. Inapenda kuchajiwa kidogokidogo, na inachukia miisho yote miwili: kukaa imejaa pomoni na kukaa tupu kabisa.

Sababu ni volti. Betri ikikaribia kujaa, volti ndani yake hupanda hadi 4.2 au zaidi, na kemikali huishi chini ya mkazo. Mkazo huo ukikutana na joto, uwezo wa betri hupungua kimyakimya. Ikishuka mno chini, sehemu za ndani nazo huanza kuharibika. Katikati ndiko kwenye raha, na ndipo ulipotoka ushauri maarufu wa kubaki kati ya asilimia 20 na 80. Uchukue kama mwelekeo tu. Siku una safari ndefu, jaza hadi 100 bila kujilaumu. Kinachoumiza ni kuiacha ikiwa 100 kwa saa nyingi kila siku, hasa mahali pa joto.

Simu huchaji kwa awamu mbili. Mwanzoni inapokea umeme mwingi, na ndiyo maana asilimia hupanda haraka hadi nusu na kupita. Ikikaribia 80 inaanza kupunguza, na sehemu ya mwisho hutambaa. Basi ukiwa na haraka, dakika 20 ukiwa na asilimia 10 zitakupa chaji nyingi zaidi kuliko dakika 20 ukiwa na asilimia 85.

Na kulala na simu kwenye chaji? Simu ikijaa, saketi yake ya ndani husimamisha kuchaji. Haiendelei kunywa hadi ipasuke. Inachofanya ni kushuka kidogo, kujazwa tena, kushuka, kujazwa tena, ikikaa karibu na 100 usiku kucha. Huo ni uchakavu mdogo, si hatari, mradi chaja ni halali na simu iko juu ya kitu kigumu. Ukitaka kuondoa hata uchakavu huo, ingia kwenye mipangilio ya betri. iPhone tangu iOS 13 ya mwaka 2019 zina uwezo wa kujifunza saa zako za kuamka, zikasimama kwenye 80 na kumalizia asubuhi. Tangu iPhone 15 unaweza kuziambia zisipite 80 kabisa. Simu nyingi za Android zina chaguo linalofanana nalo, likitajwa kama ulinzi wa betri au kuchaji kwa kujirekebisha. Liwashe uachane na kengele ya saa tisa usiku.

Kuna neno mzunguko ambalo utaliona kwenye taarifa za betri. Mzunguko mmoja ni kutumia asilimia 100 kwa jumla, si kuchomeka mara moja. Ukitumia 50 leo na 50 kesho, huo ni mzunguko mmoja tu. Apple inasema betri za iPhone 14 na za kabla yake zilibuniwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500, na kuanzia iPhone 15 mizunguko 1,000. Umoja wa Ulaya umeweka sharti kwamba simu mpya zinazoingizwa sokoni mwake tangu tarehe 20 Juni 2025 zifike angalau mizunguko 800 zikiwa bado na asilimia 80.

Hatua ya 5: Pigana na joto

Kama utashika jambo moja tu katika upande wa uchakavu, shika hili. Joto huchakaza betri kuliko asilimia, kuliko kuchaji haraka, kuliko usiku mzima kwenye chaji. Apple inataja nyuzi 0 hadi 35 za Selsiasi kuwa ndiyo hali ya hewa ya kutumia simu, na 16 hadi 22 kuwa bora zaidi. Kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, joto hupita hapo kwa mbali.

Simu ikiwa ya moto, usiichaji. Iache ipoe kivulini, zima gemu, vua kava. Simu nyingi hukataa zenyewe kuchaji zikizidiwa, usidhani imeharibika. Ila usiitie kwenye friji, kwa sababu ubaridi wa ghafla huleta matone ya maji ndani. Kuchaji kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 0 nako ni vibaya, maana lithiamu huganda juu ya tabaka kama chuma badala ya kuingia ndani, na uharibifu huo haurudi nyuma.

Kuchaji bila waya kunapoteza umeme zaidi njiani, na unaopotea unageuka joto. Iweke simu katikati ya kibao, usiache sarafu, funguo wala kadi ya benki kati yake na simu.

Hatua ya 6: Punguza kiu yenyewe

Kioo ndicho mlaji mkubwa, punguza mwangaza. Cha pili ni mtandao hafifu: simu ikiwa mahali pasipo mnara wa karibu huongeza nguvu ya kutafuta mawimbi, na chaji huyeyuka ukiwa hujagusa kitu. Hapo washa hali ya ndege kama hutegemei kupigiwa. Kuzifunga programu zote kwa kuzifagia kila dakika tano hakusaidii. Kuzifungua upya kunakula zaidi.

Hatua ya 7: Pawabenki na chaji za njiani

Namba iliyo kwenye pawabenki huwadanganya wengi. mAh (miliampea-saa) ni kipimo cha ukubwa wa betri, na mAh 10,000 hupimwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani, yaani nishati ya wati-saa 37. Ili umeme huo utoke lazima upandishwe hadi volti 5 au zaidi, na sehemu hupotea kama joto. Usitegemee kujaza simu ya mAh 5,000 mara mbili kamili. Mara moja na nusu au kidogo zaidi ndiyo hali halisi. Kwenye ndege, pawabenki husafiri na wewe ndani ya kabini, haiwekwi kwenye mzigo unaokabidhiwa, na isizidi wati-saa 100 bila ruhusa ya shirika. Ya mAh 20,000 ina 74, kwa hiyo inapita. Pawabenki iliyovimba ni hatari sawa na simu iliyovimba.

Kwenye matundu ya USB ya hadharani, ambayo huweza kupitisha data na si umeme tu, njia salama ni kutumia chaja yako mwenyewe kwenye soketi ya ukutani. Kama huna budi, simu ikikuuliza kama uamini kifaa au uruhusu data, kataa, chagua kuchaji tu.

Simu unayotaka kuiweka kabatini kwa miezi, ichaji hadi nusu, uizime, uiweke pasipo joto, na uitazame kila baada ya miezi sita. Ukiihifadhi ikiwa tupu inaweza kushuka hadi saketi ya ulinzi igome kuiamsha tena.

Hatua ya 8: Jua betri ilipofika mwisho

Simu inayozima ikiwa na asilimia 25, asilimia zinazoruka kutoka 40 hadi 12, chaji isiyofika mchana: hizo ni dalili za betri iliyochoka. Kwenye iPhone, afya ya betri imo kwenye mipangilio; ikishuka chini ya 80, fikiria kubadilisha. Android nyingi mpya nazo huonyesha. Mpe fundi anayeaminika na betri ya asili au inayolingana nayo.

Kioo kikianza kuinuka, mgongo ukifunguka, au simu ikitikisika ukiilaza mezani, betri imevimba. Kemikali zimeoza na kutoa gesi. Usiichaji tena hata dakika moja "kuhamisha picha". Usiibonyeze irudi, usiitoboe gesi itoke. Izime, iweke juu ya kigae au saruji mbali na vinavyowaka, kisha umpelekee fundi.

Ikianza kufoka moshi au kuzomea, zima umeme kwenye swichi ya ukutani kama unaifikia salama, usiishike simu, na usivute moshi huo; una gesi zenye sumu, ikiwemo haidrojeni floridi. Betri ikiwa ndogo na haijaunganishwa na umeme, maji mengi ukiyamwaga kwa mbali huipoza. Moto ukishika kingine, toka na wote waliomo, funga mlango nyuma yako, ita zimamoto. Hata ikionekana imezima, usiiguse. Betri hizi huweza kuwaka upya baada ya muda.

Betri ya zamani usiitupe kwenye takataka za kawaida, kwani ikiminywa ndani ya gari la taka inaweza kuwasha mzigo mzima. Ziba ncha zake za chuma kwa utepe, kila betri peke yake, upeleke kwa fundi au kituo kinachopokea taka za kielektroniki.